Kusadiki na Kuonywa: Neno la Mtu Mwingine katika Tungo za Usia

Usia ni miongoni mwa fani zilizodumu sana katika maandishi ya Kiswahili. Mama humuusia binti yake, baba humuusia mwanawe, mshairi huuonya moyo wake mwenyewe, na mwandishi wa hadithi huwausia watu wa nchi nzima chini ya pazia la mfano. Aghalabu wahakiki wamezisoma tungo hizi kwa njia mbili. Wako wanaouliza jinsi zilivyotungwa: vina na mizani yake, lahaja yake, na ni ipi katika nakala zake iliyo karibu zaidi na kauli ya mtungaji. Wako wanaouliza zinafundisha nini, kisha wakayasifu mafundisho hayo au wakayalaumu. Swali la tatu halijapata nafasi linayoistahili, nalo ni hili: kwa haki gani neno la mtu mmoja hutaka liwe imani ya mtu mwingine katika mambo ya wema na uovu?

Swali hilo lina uzito wake. Nahodha akiambiwa na rubani kwamba mbele ya bandari pana mwamba, akageuza chombo, hapana atakayemcheka kwa kuwa hakuuona mwamba ule kwa macho yake. Neno la rubani limemtosha. Walakini mtu akiulizwa kwa nini analihesabu tendo fulani kuwa ni dhuluma, naye akajibu kwamba ameambiwa hivyo na jirani na hajui zaidi ya hapo, kila msikilizaji ataona kwamba jibu hilo lina upungufu, hata kama tendo lenyewe kweli ni dhuluma. Elimu ya mwamba huazimwa kwa mtu bila aibu. Elimu ya wema inapoazimwa hubaki kama nguo isiyomkaa vizuri mwenye kuivaa.

Wanafalsafa wa Ulaya wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba hata Mtakatifu wa Injili hana budi kulinganishwa kwanza na kielelezo cha ukamilifu wa wema kabla ya mtu kumtambua kuwa ndiye. Katika miaka ya karibu zaidi mjadala umefufuka. Mwaka 2007 Robert Hopkins aliuliza kama neno la mwingine katika mambo ya wema halileti elimu kabisa, au kama huileta lakini iko kanuni inayomzuia mtu asiitegemee. Mwaka 2009 Alison Hills alitoa mfano wa mwanamke aitwaye Eleanor, ambaye aliacha kuiona halali nyama kwa sababu tu rafiki yake alimwambia kuila ni kosa. Hills alikubali kwamba huenda Eleanor amepata kujua, lakini akasema hajafahamu; na katika mambo ya wema, alisema, kinachotakiwa ni kufahamu. Karen Jones alikuwa amekwisha kutoa mfano wa upande wa pili mwaka 1999: mtu aitwaye Peter, mwenye nia njema, lakini asiyeweza kabisa kuutambua ubaguzi unapopita mbele yake, akaambiwa na wenziwe wenye ujuzi wa jambo lile naye akakataa kuwaamini mpaka aone mwenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo, kung'ang'ania kuona kwa macho yake ndiko kosa lenyewe.

Mjadala huo si mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki, ila umevaa vazi jingine. Wanachuoni wa tauhidi wa njia ya Kiashari walibishana juu ya imani ya mwenye kufuata tu, yaani mwenye takilidi: je, imani isiyokuwa na dalili yatosha? Wako waliosema haitoshi kwa mtu awezaye kuitafuta dalili. Lakini katika fikihi mtu wa kawaida ameruhusiwa kumfuata mwanachuoni wa madhehebu yake. Na wengi katika Waislamu wa pwani, ambao ni wa madhehebu ya Shafii, wameishi kwa ruhusa hiyo. Hivyo kwa mtu yule yule, lipo jambo la kufuata na lipo jambo la kutafuta dalili. Tungo za usia zimesimama mpakani mwa mambo hayo mawili, na hapo ndipo panapofaa kuzitazama.

I. Maneno yenyewe

Kabla ya kuzifikia tungo, yafaa kuyapima maneno ambayo Kiswahili huyatumia kwa jambo hili, kwani lugha hii haikuridhika na neno moja.

Kusadiki kumetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukweli. Asili yake ni kumhesabu msemaji kuwa amesema kweli. Kuamini kumetoka katika mzizi mwingine, wenye maana ya usalama. Ndugu zake ni amana, amani na uaminifu. Anayesadiki hulipokea neno. Anayeamini hujiweka yeye mwenyewe mikononi mwa msemaji, kama mtu awekavyo amana. Shahidi ni neno la mzizi wenye maana ya kuhudhuria: shahidi ni yule aliyekuwapo. Kwa hiyo ushahidi, kwa asili ya neno, haukupewa heshima yake kwa cheo cha msemaji bali kwa mahali aliposimama jambo lilipotukia.

Upande wa Kibantu, kusikia kuna maana mbili zilizofungamana. Sauti ikimfika mtu, amesikia; na akitii, amesikia vile vile. Mtoto msikivu hasifiwi kwa ukali wa masikio yake. Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu hutumia maana zote mbili kwa pamoja, na haikuacha nafasi baina ya kufikiwa na neno na kulitii.

Lakini neno lenye thamani kuliko yote katika mlango huu ni kuonya. Umbo lake ni lile la kusababisha la zamani: kama kuponya ni kumfanya mtu apone, na kulevya ni kumfanya mtu alewe, kuonya ni kumfanya mtu aone. Mazoea ya siku zote yamelififisha jambo hili, hata onyo limekuwa jina la tishio au la karipio. Walakini asili ya neno ingali wazi. Mwenye kuonya hakuambii usadiki. Anakugeuza uso ili uone. Akifanikiwa, yeye mwenyewe hahitajiwi tena, maana sasa unalijua jambo kwa macho yako. Kwa neno hili Kiswahili kimeipanga tofauti ile ile ambayo Hills aliitafutia maneno: tofauti baina ya kupewa hukumu na kufanywa uione hukumu ilivyo haki.

Methali nazo hazikukubaliana, na si ajabu, kwa kuwa kila moja ina mahali pake. Dhidi ya ile ya mkuu iko isemayo kwamba akili za kuambiwa uchanganye na zako. Na dhidi ya zote mbili iko ya tatu, isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hii ya tatu haimtukuzi mkuu, wala haimsifu mwenye akili zake. Inamtukuza aliyelala. Yaani yako mambo ambayo mtu wa nje, hata akichanganya akili zake vipi, hatayaona, na njia yake ya pekee ya kuyajua ni kumsadiki aliyeumwa. Zipo basi njia tatu: kumsikia mkuu, kuonywa mpaka uone, na kumsadiki shahidi pale usipoweza kuona. Tungo tatu zitatazamwa kwa mizani hiyo.

II. Al-Inkishafi: kuona kabla ya kusadiki

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliutungia moyo wake mwenyewe. Katika Al-Inkishafi msemaji na msikilizaji ni mtu mmoja, na kwa sababu hiyo utungo huu ni kipimo chema cha kuanzia: hapa hapana mkuu wala mdogo, wala hapana aliyelazimika kutii. Hata jina lake lamaanisha kufunuka.

Mshairi hakuanza kwa kuamuru. Anaushangaa moyo usiozinduka, kisha anauletea mifano ambayo moyo wowote unaweza kuipima: dunia ni kama bahari iliyochafuka, ni kama mazigazi yanayomkimbiza mwenye kiu. Halafu anauuliza moyo ni matajiri wangapi umekwisha kuwaona, waliong'ara kama jua. Tendo lililotumika ni la kuona, si la kusikia. Ndipo anapoupeleka moyo katika majumba ya fahari ya Pate: taa zilizoufanya usiku uwe kama mchana, sahani nzuri katika madaka ya ukutani, kisha majumba yale yale yakiwa matupu, popo wakining'inia juu, makinda ya ndege yamelala pale zilipokuwa sahani, na sauti za wadudu zikivuma vyumbani. Hakuna hoja yoyote inayotolewa kwamba mali haidumu. Mtu ameonyeshwa daka moja la ukutani katika hali mbili, na hukumu imekuja yenyewe.

Hili ndilo onyo katika maana yake ya asili. Lakini mhakiki asiishie hapo, kwa kuwa utungo haukuishia hapo. Mwishoni mshairi anauhofisha moyo kwa mioto ya akhera, akiitaja kwa majina yake. Popo wa Pate yeyote angeweza kwenda kuwatazama. Jahanamu hapana aliyerudi kutoka huko. Hapo kuona kumekoma na kusadiki kumeanza. Mpango huo si wa bahati. Mshairi amechuma sadaka ya moyo kidogo kidogo kwa mambo yanayoonekana, na alipoona moyo umemkubali katika yale uwezayo kuyapima, ndipo akaudai ukubali yale usiyoweza. Rubani aliyesema kweli juu ya miamba mitatu iliyo wazi husadikiwa juu ya wa nne uliozama. Wasomaji wanaolalamika kwamba mwisho wa Al-Inkishafi umepungukiwa na uzuri wa katikati yake wamesema kweli juu ya picha, lakini wamesahau kazi ambayo katikati ile ilikuwa ikiufanyia mwisho.

III. Utendi wa Mwana Kupona: hirizi na kitabu

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934. Hapana utungo wa usia uliosomwa zaidi, wala uliogombaniwa zaidi. Wanaousifu huusifu kwa upole wake na kwa heshima ya unyumba. Wanaoulaumu huulaumu kwa kuwa wamfunga mwanamke katika utii kwa mumewe, katika dunia hii mpaka akhera. Pande zote mbili zimeuchukua utendi kuwa ni orodha ya amri. Tofauti yao ni kwamba hawa wanazipenda amri na wale hawazipendi.

Ukisomwa kwa swali lililowekwa hapa, utendi hubadilika sura. Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba Mwana Kupona mwenyewe ameiona haja ya kuonyesha haki yake ya kusema. Anamwita binti asogee karibu, alete wino na karatasi. Anasema maradhi yamemshika mwaka mzima hata hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Mgonjwa aliyekaribia mauti hana faida ya kumdanganya mwanawe. Hiyo ni sababu ya kusadikiwa, na ni sababu njema, lakini ni ya uaminifu wa msemaji tu; haijasema lolote juu ya ukweli wa atakayoyasema.

La pili ni mifano miwili aliyoifananisha na maneno yake. Anampa binti hirizi, aifunge vyema kwa uzi na kuienzi. Tena anamtungia kidani cha lulu na marijani. Hirizi ni maandishi yaliyofungwa. Haifunguliwi ili isomwe, na mvaaji hahitaji kujua yaliyomo ili imlinde. Huivaa kwa kumwamini aliyeiandika. Hakuna picha iliyo kamili zaidi ya neno la kufuatwa pasipo kufahamiwa. Lakini karibu na mwisho, Mwana Kupona anawageukia wanawake wote na kuwaambia wausome utendi huo, wapate kuzifahamu maana zake. Sasa hirizi imekuwa kitabu. Binti alipewa kitu cha kuvaa. Wanawake wasiomjua mtungaji, ambao hawakukaa kando ya kitanda chake, wameambiwa wasome na wafahamu. Mtungaji alijua kwamba mapenzi ya mama hayavuki kizingiti cha nyumba yake, na kwamba neno likitoka nje halina budi kusimama kwa miguu yake.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Mambo ayasemayo Mwana Kupona hayana asili moja, naye hakuzitenga asili hizo. Anapozitaja radhi tano zinazompasa mwanamke, za Mungu, za Mtume wake, za baba, za mama na za mume, na anaposema kwamba siku ya ufufuo mume ndiye atakayeulizwa mkewe apelekwe wapi, anasimulia aliyoyapokea kwa wengine. Yeye ni mpokezi kama binti yake. Anapoeleza namna ya kumtunza mume alalapo na aamkapo, na namna ya kujipamba na kuitengeneza nyumba, anasema kama fundi amwambiavyo mwanafunzi wake, na mambo hayo hujaribiwa kwa kutendwa. Na anaposimulia kwamba yeye na babaye binti waliishi kwa furaha na kicheko, wasivunjiane heshima wala kuteta hata siku moja, na kwamba mume alikufa akimpa radhi, hapo ndipo alipokuwa shahidi katika maana kamili ya neno: alikuwapo.

Nguvu ya utendi yote imetegemea ushahidi huu wa tatu. Msomaji akiusadiki, huona kwamba mama hakumpa binti amri tu. Alimpa njia aliyoipita na akamwambia ilimfikisha. Lakini ushahidi wa ndoa moja ni ushahidi wa ndoa moja. Waathibitisha kwamba utii ulikutana na heshima katika nyumba ya Bwana Mataka. Hauwezi kuthibitisha kwamba utii huzaa heshima katika kila nyumba, wala hausemi lolote kwa mwanamke aliyetii akapigwa. Mwanamke huyo naye ni shahidi. Amelala katika kitanda kingine. Kosa la wasomaji wanaoutumia utendi huu kumnyamazisha ni kuuchukua ushahidi wa mmoja na kuufanya hukumu juu ya wote. Hirizi ya mtu mmoja wameifanya sheria.

Na hapa hapana budi kulitaja neno moja la utendi ambalo wanaousifu hulipita haraka. Mwana Kupona anamwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi, wasije wakamvuta katika aibu. Kwa desturi za nyumba kubwa za wakati ule neno hilo lilikuwa la kawaida, na mhakiki hapati faida kumshangaa mtu wa 1858 kwa kuwa wa 1858. Lakini kwa swali la makala haya neno hilo si dogo. Yule anayeomba neno lake lisadikiwe anamfundisha msikilizaji wake kuwazibia masikio watu wengine, nao ndio waliokuwa na habari ambayo nyumba ile haikuwa nayo: habari ya utumwa jinsi ulivyo kwa mtumwa. Bibi wa nyumba angeweza kuchanganya akili zake usiku na mchana asiwaone kunguni wa kitanda kile. Sheria ya kuuvunja utumwa ilifika Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo ushahidi ulikuwapo, ndani ya nyumba, umbali wa sauti moja. Hakuna aliyeupokea, kwa sababu ilikwisha kusemwa nani asikilizwe na nani asisikilizwe.

Ushahidi huo haukupotea wote. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kwa Kiingereza masimulizi yaliyoandikwa na wavulana wa shule ya Kiungani, Unguja, waliotolewa utumwani. Mwaka 1934, mwaka ule ule uliochapishwa utendi wa Mwana Kupona na Werner na Hichens, James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichoandikwa na mtoto wa mtu aliyekombolewa. Vitabu hivi vina udhaifu wake, kwa kuwa vimepita katika mikono ya misheni, na sifa wanazopewa wakombozi ndani yake zataka kupimwa. Lakini kuvisoma pamoja na utendi ni kulitimiza agizo la Mwana Kupona mwenyewe la kusoma na kufahamu, hata pale ambapo kufahamu kwampinga.

IV. Kusadikika: wajumbe na baraza

Shaaban Robert aliijua vyema fani ya usia, na mwenyewe alimtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati. Lakini swali la neno la mwingine alilifikisha mbali zaidi kwa njia ya hadithi, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Jina lenyewe ni fumbo la sarufi. Kusadikika ni kuweza kusadikiwa. Nchi ya jina hilo iko angani, wala hapana awezaye kwenda kuikagua. Msomaji anaingia katika kisa kwa tendo lile lile ambalo kisa kinalijadili.

Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Utetezi wake ni kuwakumbusha watu wa baraza wajumbe sita waliotumwa na nchi, wakaenda, wakaona, wakarudi na habari za manufaa, wakalipwa adhabu. Majina ya wajumbe yafaa kusomwa kwa sikio la mwanalugha: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Buruhani ni dalili iliyo wazi, Kabuli ni kukubali, Ridhaa ni kuridhia, Amini ni kuamini. Majina hayo yanaitaja karibu njia nzima ambayo neno hupita kutoka kwa msemaji hadi moyoni mwa msikilizaji, na njia nzima imetiwa gerezani.

Kosa la baraza la Kusadikika si kwamba walikataa kusadiki ovyo. Hilo lingekuwa sifa. Kosa lao ni kwamba waliwatuma mashahidi mahali wasipoweza kufika wenyewe, kisha wakaupima ushahidi kwa kipimo cha yale waliyoyaamini kabla ya kuwatuma. Ni Peter wa Karen Jones aliyevaa joho la utawala. Shaaban Robert amelitambua jambo ambalo methali ya kuchanganya akili haikulisema: ziko akili ambazo zikichanganywa na za kuambiwa huziharibu, kwa kuwa mwenye nazo ana faida katika kutoona.

Tena dawa aliyoitoa ni ya busara. Karama hakutaka watu wamwamini yeye badala ya Majivuno. Alitaka wafundishwe sheria, yaani namna ya kuuliza shahidi, kupambanisha maneno, na kumpa mshitakiwa nafasi ya kusema. Elimu hiyo haimwambii mtu lililo jema. Inamfundisha namna ya kulipokea neno la mwingine bila ya kuwa mtumwa wake na bila ya kuwa kiziwi.

Pamoja na sifa hizo, kitabu kina upungufu katika jambo lile lile kinalolitetea. Kabla Karama hajafumbua kinywa, jina lake limekwisha kumtolea ushahidi. Na kabla Majivuno hajamaliza shitaka, jina lake limekwisha kumhukumu. Msomaji aliyeambiwa kwamba baraza haikujua kupima maneno hapewi mwenyewe neno lolote la kupima. Amesadikishwa, hakuonywa. Katika utendi wa Mwana Kupona, ambao kwa dhahiri ni wa amri tupu, msomaji ana kazi kubwa zaidi, kwa kuwa mtungaji ameacha wazi mshono unaounganisha aliyoyapokea, aliyoyatenda na aliyoyaishi. Katika Kusadikika, kilichoandikwa kuutetea uhuru wa kuhukumu, mshono huo umefunikwa kwa majina. Usanii mkubwa wa Shaaban Robert haukanushwi kwa kusema hivyo. Limetajwa tu mahali ambapo mwalimu ndani yake alimshinda shahidi.

V. Hatima

Tungo hizi tatu zinaonyesha kwamba fani ya usia haikuwa kamwe fani ya amri peke yake. Sayyid Abdalla aliuonyesha moyo kwanza kisha akautaka usadiki. Mwana Kupona alianza kwa hirizi, akaishia kwa kitabu. Shaaban Robert aliwaweka mashahidi mbele ya baraza na kuuliza ni nani aliye na masikio. Kila mmoja alijua kwamba kutegemea neno la mwingine katika mambo ya wema ni jambo lisiloepukika: hapana mtu azaliwaye na hukumu zake mkononi, na hapana awezaye kulala vitanda vyote. Kila mmoja alijua pia kwamba neno lililopokewa tu halijawa la mpokezi.

Kwa hiyo mtihani unaomtaka mwanafunzi ataje mafunzo matano ya utendi fulani umeipotosha fani, hata mwanafunzi akiyataja yote sawasawa. Umeligeuza onyo kuwa orodha, na kumrudisha msomaji katika kuvaa hirizi isiyofunguliwa. Maswali yenye faida ni mengine. Msemaji huyu alijuaje? Alikuwapo, au naye aliambiwa? Katika hayo ayasemayo, ni lipi ambalo msomaji anaweza kuliona mwenyewe akigeuzwa uso, na ni lipi ambalo hawezi kulijua ila kwa kumsadiki aliyeumwa? Na nani mwingine alikuwamo nyumbani, ambaye neno lake halikuandikwa?

Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu utungo wenyewe haulijibu. Majibu yake yamo katika nakala ambazo hazijachapishwa, katika masimulizi ya midomo ya wazee, na katika vitabu vilivyowekwa rafu nyingine kwa kuwa havikuhesabiwa kuwa sanaa. Kuyakusanya hayo na kuyaweka kando ya tungo za usia ni kazi ya wataalamu wa lugha kama ilivyo kazi yao kuhakikisha vina na mizani. Bila ya kazi hiyo, Mwana Kupona ataendelea kutiiwa na wengine na kutupwa na wengine, na pande zote mbili zitakuwa hazijamsikia.